Safari ya Siku 14: Maandalizi ya Kiafya kwa Anayekwenda Nyumbani kwa Ziara Fupi

Lengo la somo

Somo hili linahusu mtu anayeishi katika nchi ya baridi ambaye anapanga ziara fupi katika nchi ya joto, hususan Tanzania. Mhudumu wa afya akilimaliza aweze kumshauri msafiri huyo kwa mpangilio, na aweze kuhesabu siku za safari pale msafiri anapougua. Msafiri naye atambue nini cha kutayarisha, lini akitayarishe, na kwa nini kiafya safari haimaliziki siku ndege inapotua.

Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo ni ya kawaida.

Mama wa miaka 46, mzaliwa wa Mwanza, ameishi Birmingham, Uingereza, kwa miaka 17. Ana kisukari na shinikizo la juu la damu, na maradhi yote mawili yanadhibitiwa kwa vidonge. Mdogo wake anaolewa mwezi Desemba. Tiketi inapatikana zikiwa zimebaki siku 9 kabla ya kuondoka. Mama anaamua kusafiri na mwanawe wa miaka 9, aliyezaliwa Uingereza na ambaye hajawahi kufika Afrika. Ratiba ni siku 10 Mwanza na siku 4 Unguja.

Siku hizo 9 zinakwisha katika kununua zawadi na kupima uzito wa mabegi. Rafiki anapomkumbusha dawa za kinga ya malaria, mama anacheka: yeye amekulia kando ya Ziwa Victoria, malaria aliugua utotoni hadi akaizoea, na hata hivyo anakwenda wiki mbili tu.

Harusi inafana na ndugu wanaonana. Siku ya 8 baada ya kurudi, mtoto anapata homa, maumivu ya kichwa na kutapika. Ni majira ya baridi na mafua yametanda shuleni, hivyo mama anampa parasetamoli na kumfunika blanketi. Siku ya 3 ya homa mtoto hawezi kukaa bila kuegemezwa na anaongea maneno yasiyoeleweka. Anakimbizwa hospitali.

Makosa ya mama huyu hayakutokana na uzembe. Yalitokana na imani mbili zinazowapotosha wengi: kwamba safari fupi ina hatari ndogo, na kwamba mwenyeji wa mahali analindwa na uenyeji wake.

Kwa nini ufupi wa safari si kinga

Ili mtu aambukizwe malaria inatosha kuumwa mara moja na mbu jike wa jamii ya Anofelesi mwenye vimelea. Ni kweli kwamba anayekaa miezi sita huumwa na mbu wengi kuliko anayekaa wiki mbili. Lakini ziara fupi ya nyumbani hubana mengi katika siku chache: kuketi barazani jioni, kukesha kwenye sherehe za wazi, kulala katika nyumba tatu tofauti kwa wiki moja, na kusafiri usiku. Siku hizo chache karibu zote zina saa ambazo mbu huyo anauma, yaani kuanzia machweo hadi alfajiri.

Ufupi wa safari una hasara nyingine. Vimelea vya malaria kali, Plasmodiamu falsiparamu, huhitaji angalau siku 7 mwilini kabla ya kuleta homa, na mara nyingi siku 10 hadi 14 au zaidi. Kwa hiyo anayekaa wiki mbili huenda asiugue akiwa Mwanza, ambako kila zahanati inaifahamu malaria na ina kipimo chake. Huugua akiwa amekwisha kurudi Birmingham, mahali ambapo homa ya Januari hudhaniwa kuwa mafua.

Uenyeji na kinga ya mwili

Mtu anayeishi katika eneo lenye malaria nyingi hujenga kinga ya sehemu baada ya kuambukizwa mara kwa mara kwa miaka. Kinga hiyo haizuii vimelea kuingia, ila hupunguza ukali wa ugonjwa. Nayo hudumu kwa kuchochewa. Mtu akihama na kukaa miaka bila kuambukizwa, kinga hufifia, naye hawezi tena kuitegemea. Mtoto aliyezaliwa ugenini hana kinga hiyo kabisa, hata kama wazazi wote wawili ni wenyeji wa Geita au Kigoma. Mbu hambagui mgeni na mwenyeji. Kinachotofautisha ni kumbukumbu ya mwili, na kumbukumbu hiyo hupotea.

Ndiyo maana katika nchi kama Uingereza na Ufaransa wengi wa wanaogunduliwa kuwa na malaria iliyotoka nje si watalii wa hotelini. Ni watu wenye asili ya Afrika waliotoka kuwatembelea ndugu zao. Mtalii husoma maonyo na kumeza dawa. Mwana wa nyumbani huona maonyo hayo hayamhusu.

Jambo hili lipo hata ndani ya nchi. Zanzibar imepunguza malaria hadi kiwango cha chini sana, na mikoa ya nyanda za juu kama Njombe, Arusha na Kilimanjaro ina maambukizi machache. Anayetoka huko kwenda kuzika au kusherehekea Kigoma, Geita au Mtwara kwa siku chache anastahili ushauri unaofanana: alale kwenye chandarua chenye dawa, na akipata homa apimwe mapema.

Wiki 6 kabla ya kuondoka

Muda unaofaa wa kumwona mhudumu wa afya ni wiki 4 hadi 6 kabla ya safari. Mazungumzo yaanze kwa maswali matano: anakwenda wapi hasa, atalala wapi, anapitia nchi gani, ana maradhi gani, na nani anasafiri naye. Jibu la «nakwenda Tanzania» halitoshi, kwa kuwa siku 10 kwa ndugu Mwanza na siku 10 katika hoteli ya ufukweni si safari moja.

Chanjo za kawaida hukaguliwa kwanza: surua, polio na pepopunda. Watoto wengi husafiri wakiwa na pengo katika chanjo hizi bila wazazi kujua. Baada ya hapo hufikiriwa chanjo ya homa ya ini aina A na homa ya matumbo, ambazo husambazwa kwa chakula na maji. Kwa atakayekaa mbali na hospitali, au mtoto anayependa kuchezea mbwa, chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ijadiliwe.

Homa ya manjano huwachanganya wengi. Tanzania hudai cheti cha chanjo hiyo kwa msafiri anayetoka katika nchi yenye hatari ya maambukizi, au aliyepitia humo na kusubiri uwanja wa ndege kwa zaidi ya saa 12. Kenya, Uganda na Ethiopia zimo katika orodha ya nchi hizo. Kwa hiyo anayetoka Uingereza moja kwa moja hadaiwi, lakini anayeunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi akalala huko anaweza kudaiwa. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote. Chanjo hii ina virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Haifai kwa mtoto wa chini ya miezi 6 wala kwa mwenye upungufu mkubwa wa kinga, na mwenye zaidi ya miaka 60 apimiwe faida na hatari kabla ya kuchomwa.

Mjamzito aelezwe wazi kwamba malaria huhatarisha maisha yake na ya mtoto aliye tumboni. Kama ziara si ya lazima, ushauri ulio salama ni kuiahirisha hadi ajifungue.

Zikibaki siku 9

Wengi hufika kwa mhudumu wakiwa wamechelewa, hasa wanaoitwa kwa msiba. Wasirudishwe kwa kuambiwa kwamba muda umepita. Chanjo ya homa ya ini aina A ina faida hata ikitolewa karibu na siku ya safari, na ziko dawa za kinga ya malaria zinazoanzwa siku 1 au 2 tu kabla ya kuingia eneo la hatari.

Dawa tatu ndizo zinazotumika zaidi kwa wasafiri wa Afrika Mashariki:

Atovakuoni-proguanili humezwa kila siku pamoja na chakula au maziwa. Huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kufika, na huendelezwa siku 7 baada ya kuondoka. Ina vipimo vya watoto kwa uzito. Haifai kwa mwenye ugonjwa mkali wa figo.

Doksisaiklini humezwa kila siku. Huanzwa siku 1 au 2 kabla, na huendelezwa wiki 4 baada ya kuondoka. Haipewi mjamzito wala mtoto mdogo, na huweza kuifanya ngozi iungue upesi kwa jua.

Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki. Huanzwa wiki 2 hadi 3 kabla, na huendelezwa wiki 4 baada ya kuondoka. Haifai kwa mwenye historia ya kifafa au maradhi ya akili.

Klorokwini, ambayo wengi waliohama miaka ya 1990 wanaikumbuka kwa uchungu na miwasho yake, haifai tena kuzuia malaria Tanzania kwa sababu vimelea vimekuwa sugu.

Kuna desturi moja inayoharibu kinga hata kwa aliyenunua dawa sahihi. Siku ya kuagana msafiri huwaachia ndugu vidonge vilivyobaki, kwa moyo mwema na kwa kuamini kwamba havihitaji tena. Vidonge hivyo ndivyo vya kuua vimelea vilivyoingia mwilini siku za mwisho. Kuviacha ni kuondoka na maambukizi yasiyo na kizuizi, na ndugu aliyeachiwa vidonge vichache haponi wala hakingwi kwa vipande vya dozi.

Mwenye maradhi ya kudumu

Maradhi kama kisukari, shinikizo la damu, selimundu na VVU hayamzuii mtu kusafiri. Yanamtaka ajipange zaidi.

Dawa za siku zote zibebwe za kutosha safari nzima pamoja na akiba ya angalau wiki moja, zikiwa katika vifungashio vyake na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa. Zikae katika mkoba wa mkononi. Begi la chini ya ndege laweza kupotea, na insulini humo huweza kuganda na kuharibika. Pasipo jokofu, insulini huhifadhiwa vyema katika mtungi au chungu chenye maji, ikiwa imefungwa isilowe, mahali penye kivuli na hewa.

Tofauti ya saa kati ya Uingereza na Tanzania ni saa 2 au 3 kufuatana na majira, na kwa kawaida haihitaji mabadiliko makubwa ya dozi. Anayetoka Marekani au Kanada apewe ratiba maalumu ya saa za insulini.

Kuharisha ni tatizo linaloweza kumgeukia vibaya mgonjwa huyu. Mtu anayetumia metformini, au dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo, akiharisha na kutapika hupoteza maji, na figo zake zaweza kudhurika. Kabla ya kusafiri aelezwe kwa maandishi ni dawa gani asimamishe kwa muda akishindwa kunywa na kula, na lini azirudie. Insulini haiachwi kiholela; dozi hurekebishwa kwa kupima sukari na kwa ushauri.

Mwenye selimundu yuko katika hatari kubwa akiugua malaria, hivyo dawa za kinga, maji ya kutosha na kupumzika ni sehemu ya tiba yake. Mwenye VVU na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wamweleze mhudumu dawa zote wanazomeza, kwa sababu baadhi hugongana na dawa za malaria: efavirenzi hupunguza kiwango cha atovakuoni mwilini, na doksisaiklini yaweza kuongeza nguvu ya warfarini.

Safari ya kukaa zaidi ya saa 4 mfululizo huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Msafiri asimame, akunje na kukunjua vifundo vya miguu, na anywe maji. Aliyewahi kupata tatizo hilo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kwanza.

Siku za ugenini

Mgeni huona haya kuomba chandarua, asije akaonekana ameisahau asili yake. Njia ya heshima ni kuja nacho. Chandarua chenye dawa ni chepesi begini kuliko jozi ya viatu, na kinaweza kuachwa kama zawadi bila madhara, tofauti na vidonge. Jioni avae nguo za mikono mirefu na ajipake dawa ya kufukuza mbu, ikitanguliwa na mafuta ya kukinga jua endapo vyote viwili vinahitajika.

Mbu wa mchana nao wasisahauliwe. Aedesi huuma zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, naye hueneza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mwenye homa anayeshukiwa dengi atumie parasetamoli, asitumie aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu.

Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, wala hakuna haja. Ale kilichoiva na kingali moto, matunda ayamenye mwenyewe, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa iliyofungwa. Kachumbari, barafu na juisi iliyochanganywa na maji yasiyojulikana aviepuke kwa upole. Akiharisha, tiba ya kwanza ni maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Kuogelea katika Ziwa Victoria kwaweza kuleta kichocho. Aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anafahamika. Ajali za barabarani nazo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasafiri. Asipande bodaboda bila kofia ngumu, na safari ndefu za usiku aziepuke inapowezekana. Bima ya safari inayogharimia matibabu ikatwe mapema. Wageni wa nje wanaoingia Zanzibar hutakiwa, tangu Oktoba 2024, kuwa na bima inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar.

Baada ya kurudi: kuhesabu siku

Mhudumu anapompokea mwenye homa aulize, kabla ya kuandika mafua: «Umesafiri wapi katika mwaka mmoja uliopita, na ulirudi lini?» Tarehe mbili, ya kufika na ya kuondoka, hupunguza orodha ya magonjwa.

Homa iliyoanza chini ya siku 7 tangu msafiri aingie eneo la hatari kwa mara ya kwanza si rahisi kuwa malaria. Homa iliyoanza zaidi ya siku 14 baada ya kuondoka si rahisi kuwa dengi. Malaria kali hujitokeza zaidi ndani ya miezi 3 baada ya kurudi, lakini kwa aliyemeza dawa za kinga nusunusu yaweza kuchelewa, na aina nyingine za malaria zaweza kutokea hata baada ya mwaka. Aliyeogelea ziwani apimwe kichocho kuanzia takriban wiki 8 baada ya kurudi, kwa sababu vipimo vya mapema huweza kukosa maambukizi.

Homa yoyote ndani ya miezi 3 baada ya kurudi ni dharura hadi malaria iondolewe kwa kipimo. Majibu yapatikane siku ile ile. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha vimelea na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, na kisha mara ya tatu. Kumeza dawa za kinga hakufuti haja ya kupima. Dalili za hatari ni kuchanganyikiwa, degedege, kupumua kwa shida, macho ya manjano, mkojo mweusi, kutapika kila kitu na kushindwa kukaa au kusimama. Mwenye dalili hizo hutibiwa hospitali kwa atesunate ya sindano, bila kusubiri.

Kurudi kwenye mfano

Mtoto yule alipimwa baada ya muuguzi kuona michoro ya hina iliyofifia kwenye mikono ya mama na kuuliza harusi ilikuwa wapi. Kipimo kilionyesha malaria kali. Alipewa atesunate ya sindano, akalazwa siku 6, akapona. Swali lililomwokoa lingeweza kuulizwa mlangoni, na lingeweza kuulizwa na mama mwenyewe siku ya kwanza ya homa.

Maswali ya kujipima

1. Mama huyu alikuwa na siku 9. Ni dawa ipi ya kinga ambayo muda wake wa kuanza ulikuwa umekwisha kupita?
2. Angemeza atovakuoni-proguanili, angemaliza lini?
3. Kwa nini mama aliyekulia Mwanza alihitaji kinga sawa na mwanawe?
4. Baba anarudi kutoka Kigoma, anapata homa siku ya 20, na kipimo cha kwanza hakionyeshi vimelea. Nini kifanyike?

Majibu: 1. Meflokwini, inayohitaji wiki 2 hadi 3. 2. Siku 7 baada ya kuondoka eneo la malaria, akiwa tayari nyumbani kwake Birmingham. 3. Kinga ya sehemu hufifia mtu akikaa miaka bila kuambukizwa. 4. Kipimo kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24 na tena mara ya tatu, naye aangaliwe kwa dalili za hatari. Dengi haitarajiwi, kwa kuwa zimepita zaidi ya siku 14.

Likizo iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya siku 14. Kiafya safari hiyo huanza wiki 6 kabla na hufungwa miezi 3 baadaye, siku msafiri anapoweza kupata homa na kusema kwa haki kwamba huenda ni mafua.